Kaka Yetu Taratibu na Kompyuta Aliyoifufua

Mpendwa wetu, ambaye wengi wenu mlimwita Taratibu hata jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye vyeti tu, alizaliwa tarehe 22 Agosti 1961, mtoto wa kwanza na wa kiume pekee kati ya watoto watatu wa dereva wa lori na mkunga. Mama alisimulia kwamba alipozaliwa hakulia mpaka alipomaliza kukikagua chumba kizima. Mimi ninayewasomea ni mdogo wake, kitinda mimba, na sijawahi kumwona akiharakisha kitu.

Alimaliza sekondari mwaka 1980, na mwaka 1983 akajiunga na chuo cha ufundi. Siku moja mwalimu wa umeme alileta darasani kompyuta yake ya nyumbani, ndogo kama sinia, ya kuunganishwa na televisheni. Wanafunzi walipanga foleni, kila mmoja akaruhusiwa kubonyeza herufi moja. Marehemu alibonyeza yake, ikajitokeza kwenye kioo mbele ya wote. Alitusimulia kisa hicho mpaka tukakikariri, na kila alipofika hapo alishusha sauti.

Kuanzia 1985 hadi alipostaafu mwaka 2021 alikuwa fundi katika idara ya mizani na vipimo. Karakana yake ilikuwa chumba cha chini chenye dirisha moja na kabati la mawe ya shaba ya kupimia uzito, na ole wako uyashike kwa vidole vitupu. Wenye maduka walimkimbia, wanunuzi walimpenda.

Mwaka 2009 alikwenda kupima mizani ya jiko la shule fulani, akakuta stoo inasafishwa. Kwenye rundo la takataka palikuwa na kompyuta ya aina ile ile, imegeuka njano kama jino la mvuta sigara. Akaiomba, wakampa. Nyumbani tulitaka aiwashe siku hiyo hiyo, akakataa katakata. Alisema adapta ya zamani ikiharibika hupeleka umeme wa kupita kiasi na kuunguza kila kitu ndani, kwa hiyo hakiwashwi kitu kabla hakijapimwa. Alibadilisha kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zilizokuwa zimevimba, akasugua vibonye kwa mswaki, akaunda adapta mpya. Miezi ikapita, sisi tukimcheka. Alipoiwasha, kioo kilibaki cheusi kidogo, kikawa cheupe, kisha kistari kimoja kikaanza kuwaka na kuzima, kikisubiri amri. Nilipigwa na butwaa. Kitu kilichotupwa miaka yote hiyo kilikuwa kinatusubiri sisi tuseme.

Ile njano ndiyo iliyomletea mke, tukiwa tumeshakata tamaa. Aliingia saluni ya jirani kutafuta krimu ya kupausha nywele.

“Ya nywele za nani?” msusi akamuuliza.

“Si za mtu. Ni ya kompyuta.”

“Kompyuta ina nywele?”

“Haina. Imegeuka njano.”

Msusi alimtazama kutoka juu hadi chini, akamwambia, “Hebu ilete niione usije ukawa unanichezea.”

Akaipaka krimu mwenyewe, akaifunga kwa mfuko wa plastiki kama kichwa cha mteja, akaianika juani. Ikarudi rangi yake. Walifunga ndoa tarehe 14 Mei 2011, na mwaka 2013 wakajaliwa binti.

Mwaka 2020 mikono ya marehemu ilianza kutetemeka, na madaktari wakasema ni ugonjwa wa neva usiotibika. Alikuwa katikati ya kuiongezea kompyuta kumbukumbu, na pasi ya kulehemu ikawa haimtii tena. Wifi yangu, ambaye mikono yake husuka nywele nyembamba kama uzi, aliichukua pasi ile. Kaka akikaa pembeni akielekeza, mkewe alilehemu chipu zote. Kumbukumbu ikawa mara tatu ya awali, ingawa bado picha moja ya simu yako isingeenea humo. Sehemu ya kuhifadhi kazi kwenye kaseti hawakufanikiwa kuifufua. Kwa hiyo chochote kilichoandikwa ndani kilidumu mradi umeme upo. Ukikatika, kimepotea.

Mwezi Februari mwaka huu alikuwa akikaa sebuleni, akimtazama mkewe akisuka wateja, kisha anaandika kwenye kompyuta kwa kidole kimoja. Jumapili tarehe 9 Machi alizidiwa na nimonia. Akiwa mlangoni kupelekwa hospitali alimwambia mkewe, “Mama, usiizime mpaka uione.” Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, asubuhi.

Wifi aliporudi aliikuta kompyuta inachora. Mstari baada ya mstari, kutoka utosini hadi kisogoni, msuko ulijisuka wenyewe kwenye kioo, ukafutika, ukaanza upya. Ulikuwa msuko ambao katika kazi yake yote alikuwa hajawahi kuusuka wala kuuona. Tulipiga picha kwa simu, ikatoka michirizi mitupu. Kubonyeza kibonye hakuna aliyethubutu. Tulikuwa na hofu moja tu, umeme, mpaka jirani fundi umeme alipoleta betri kubwa akailinda kama mgonjwa.

Hapo wifi akamkalisha binti yake mbele ya televisheni, akachukua kitana.

“Mama, hapa baba amekosea,” binti alisema, mistari ilipopishana pasipopitika.

“Hajakosea. Mimi ndiye nilikuwa sijaelewa.”

Alisuka, akafumua, akasuka tena. Leo asubuhi alimaliza. Akasimama, akatazama kioo kikichora mara moja zaidi hadi mwisho, kisha akaizima kwa mkono wake mwenyewe. Wala hakulia.

Marehemu ameacha mjane, dada wawili, na binti mmoja aliyeketi mstari wa mbele. Mtakapopita kuaga, naomba msimame kidogo nyuma yake, mkitazame kichwa chake kuanzia utosini. Msiharakishe.

Kaka, pumzika kwa amani. Mkeo ameiona, na sisi tumeiona.