Ile Fupi ya Kabatini

Zimeni hiyo televisheni. Vernice, binti yangu, kaa hapa kitandani karibu na mto wangu, sauti yangu haifiki mbali leo. Lamont, wewe simama hapo hapo mlangoni, nakuona unavyolitazama kabati. Na wewe Renita, mjukuu wangu, tia mikono mfukoni na usiitoe mpaka nikuambie. Nimewapigia simu polisi mwenyewe asubuhi hii. Watafika saa nne. Usinikatize, Lamont! Nina nusu saa, na nina maneno ya siku nzima.

Jana mlidhani nimelala. Nilisikia yote kule jikoni. Lamont anasema, "Hii ni historia ya Baba, naichukua mimi." Vernice anamjibu, "Historia ya jela hiyo, ndugu yangu." Basi Vernice yuko sahihi. Bunduki ya marisau iliyofupishwa namna ile, ikiwa haikuandikishwa serikalini tangu mwanzo, haiandikishiki tena, wala hairithiwi. Nikifa ikiwa humu, watauliza tu imelala nyumba ya nani na nani anaishi humo. Anayeishi humo ni Renita, aliyevaa sare ya polisi mwezi wa nne mwaka huu. Atavuliwa beji kabla hajaizoea, na huenda akafungwa.

Lakini lazima mjue kwa nini niliiweka, haki ya Mungu!

Nilikuwa fundi wa silaha wa polisi, mnajua. Wapelelezi walikuwa wakijificha madukani kungoja majambazi, wakataka bunduki kubwa isiyoonekana. Nikawatengenezea fupi kumi na moja kwa mikono hii, zinaning'inia kwapani kwa ukanda. Safi kabisa! Ila nani anavaa koti Miami mwezi wa nane, kwa joto lile? Mtu akikuona na koti anajua una wazimu au una bunduki. Ndipo nikapata akili: aproni ya muuza nyama!

Tukaenda duka la Obdulia, yule mjane wa Kikuba aliyekuwa ameibiwa mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Mpelelezi mmoja, rafiki yangu Gus Pappas, yuko nyuma ya meza ya nyama, aproni mpaka magotini, fupi iko ndani. Mimi nimeshika kabichi, najifanya mnunuzi, kumbe nimekuja kuona ukanda wangu unakaaje. Saa sita mchana, wakaingia wawili na bastola. Gus akaingiza mkono, akavuta, na ukanda ukakatika pwaa! Fupi ikaanguka sakafuni, ikateleza, ikapita kwenye ndizi, ikaenda kusimama mbele ya kiatu cha jambazi.

Weee! Jambazi akaitazama ile bunduki, akamtazama Gus, akanitazama mimi na kabichi langu, akawatazama mabibi watatu waliokuwa kwenye foleni ya mkate. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani humu polisi mko wangapi?"

Obdulia, na upawa wake mkononi, akajibu, "Sote!"

Mnacheka? Walilaza bastola chini taratibu kama wanaweka mayai! Bibi mmoja akawaambia, "Na mikono juu, hamna adabu!"

Sasa sikilizeni. Zile kumi nyingine nilikuwa nikizisafisha zikirudi, najua kila moja ilimfanya nini nani, na kuna majina ninayoyaombea mpaka leo. Ile moja haikuwahi kumpiga mtu. Ilipokuja amri ya kuziharibu zote, kumi nilizikata vipande, ya kumi na moja nikaandika imekatwa, nikaileta hapa ndani ya sanduku la cherehani la mama yenu. Ernestine akaniambia, "Hezekia, hicho kitu kitatuletea balaa." Nikamcheka. Nilikosa mimi, na karatasi ile ya uongo ina sahihi yangu peke yangu.

Nyumba ni ya Vernice. Vifaa vya karakana ni vyako, Lamont, na usinune, mwanangu, vile ndivyo mkono wangu. Na Gus, miaka kumi na miwili sasa hatusemezani, tangu nilipoanza kumwambia kila mtu kwamba aliufunga ukanda vibaya. Mwambieni ni mimi. Niliushona kwa uzi mkuukuu wa kuvulia samaki. Mwambieni anisamehe, na aje mazikoni akiwa na njaa, samaki na grits, ule uji wetu mzito wa mahindi, vitakuwepo.

Hilo gari... ndiyo, wameegesha. Vernice, fungua mlango, uwaambie mapema iko wapi. Asiliguse kabati mtu. Renita, mikono!

Nipeni maji... basi, yanatosha. Mungu awape... awape usingizi mzuri, nyote, na kicheko kama cha siku ile dukani kwa Obdulia. Miaka arobaini na zaidi haijamdhuru mtu, sasa ndiyo ianze na mjukuu wangu? Haiwezi. Niinue, Lamont. Juu kidogo. Wanione uso.

Karibuni, maafisa. Iko kabatini. Ni yangu... andika hivyo, kijana... ni yangu peke yangu.