Dakika Sita za Beñat

Benchi letu limeegemea ukuta wa pelota, mchezo wa kupiga mpira ukutani, upande ambao manyunyu ya mji huu hayatufikii sana, na kahawa tunaletewa na Ainhoa kutoka mkahawani kwake, hatua chache tu. Tunaokaa hapo ni wanne. Kengele, aliyeendesha basi la mashabiki miaka ishirini. Wastani, mwalimu wa hesabu mstaafu, ambaye bado anatembea na daftari. Dawa, mwanamama aliyekuwa na duka la dawa pale kona. Na mimi, wananiita Posta kwa sababu ndiyo kazi niliyozeekea. Jumapili ile ya mwezi wa tano nilikuwa na barua mapajani. Ilikuwa inakwenda kwa gazeti linalotoa tuzo ya Zamora, kuomba kwamba Beñat Goikolea, kipa wetu, tuliyemzika mwezi wa pili, apewe tuzo aliyoikosa miaka thelathini na moja iliyopita.

— Soma tena hapo kwenye hesabu, Kengele akasema.

— Nimesoma mara tatu, bwana. Kahawa yako inapoa.

— Soma. Nataka nisikie kama watakavyosikia wale wa gazetini.

Zamora haina kura wala upendeleo. Ni ya kipa aliyefungwa mabao machache zaidi kwa mechi katika ligi kuu. Unagawanya tu, basi. Ila lazima uwe umecheza mechi ishirini na nane, na mechi haihesabiwi kama hukukaa langoni dakika sitini. Beñat alicheza mechi ishirini na saba kamili, akafungwa mabao kumi na saba. Katika ile ya ishirini na nane, tukiwa tunaongoza tatu bila nyumbani kwetu, dakika ya hamsini na nne alinyoosha mkono mwenyewe akaomba kutoka. Jumatano iliyofuata, mazoezini, goti lake likapinduka. Hakudaka tena maisha yake yote.

— Sifuri nukta sita tatu, Wastani akasema, bila kufungua daftari. Aliyechukua alikuwa na sifuri nukta saba moja. Dakika sita, jamani. Sisi tunaomba dakika sita tu.

— Watauliza alitoka kwa nini, nikasema.

— Tumbo, Dawa akajibu. Nimewaambia miaka yote hiyo. Ijumaa alikuja dukani kwangu amejishika hapa.

— Mwaka juzi ulisema Alhamisi.

— Alikuja siku zote mbili. Alikuwa amekula kome wa pale stesheni, na mtu akishakula kome wa pale, hakai langoni saa nzima.

— Tumbo gani, wewe? Kengele akasema. Mtu mwenye tumbo hukimbia. Beñat alitembea. Nilikuwa nyuma ya goli, nilimwona kwa macho yangu. Alitembea kama mtu anayekwenda kufungua mlango. Yule alikuwa na miadi. Kulikuwa na mwanamke wa Bilbao anamsubiri nje, kwenye gari la kijani.

— Gari la kijani tena? Lilikuwa jeupe.

— Lilikuwa la kijani, Posta. Nililizuia na basi langu.

Wastani akatikisa kichwa taratibu, namna alivyokuwa akiwatikisia wanafunzi darasani.

— Nyinyi mnatafuta karibu mno. Hesabu zake zilikuwa zinaandikwa gazetini kila Jumatatu. Nchi nzima ilijua kwamba kipa wa mji usio na hata taa mbili za barabarani anaichukua Zamora. Kuna mtu alipiga simu. Kocha akapokea. Ishara ya mkono ile ilikuwa ya kudanganyia watu.

— Nani alipiga?

— Ningekuwa namjua, tungekuwa tunaandika barua nyingine.

Tukacheka kidogo. Mahali Beñat alipopenda kukaa, mwisho wa benchi kule, hakuna aliyekuwa amepakalia tangu mazishi. Baada ya goti kuharibika alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, akaoa, akafiwa na mke, akaja kuzeeka nasi hapa. Tukimwuliza habari za siku ile, anatabasamu na kutuuliza kama mvua itakatika. Na sisi tunamjibu habari za mvua.

— Mimi nitasema kitu na msinicheke, Dawa akasema. Baba yake alikuwa amekufa msimu ule ule, wakati wa Noeli. Nadhani alimwona. Kule juu, jukwaani, mahali mzee alipokuwa akikaa. Nadhani alimwona baba yake akiinuka kuondoka, akamfuata.

Hakuna aliyecheka. Hata Kengele alitazama gilasi yake.

Hapo ndipo tulipomwona mgeni. Alikuwa amesimama pembeni ya ukuta, mzee mrefu, koti la safari, kofia mkononi. Sijui alikuwa amesikiliza tangu wapi. Ainhoa alikuwa amemwelekeza kwetu na kumpa gilasi ya kahawa aje nayo. Vidole vilivyoishika gilasi ile vilikuwa vimepinda, kila kimoja upande wake.

— Samahani, wakubwa, akasema kwa lafudhi ya nyanda za juu za Soria. Naomba kuuliza kitu kimoja.

— Uliza, mzee mwenzetu.

— Alipotoka, aliingia nani?

Kengele akafungua mdomo haraka, kama kawaida yake.

— Si yule mwenye nywele ndefu, wa Murcia?

— Yule aliajiriwa baada ya goti, Wastani akasema. Siku nne baadaye.

— Basi yule kijana wa timu ya pili.

— Yule alikuwa jeshini mwaka ule.

Wastani akafungua daftari lake. Akapekua mbele, akapekua nyuma. Ndani ya daftari lile kulikuwa na kila bao alilofungwa Beñat, dakika, mguu uliopiga, hali ya hewa. Aliyeingia hakuwemo. Dawa akanitazama, nami nikatazama barua. Nilikuwepo uwanjani siku ile. Nililipigia makofi goli letu la tatu mpaka viganja vikauma. Nikajaribu kuliona lango baada ya dakika ya hamsini na nne, nikaona nguzo na nyavu tu.

— Hatukumbuki, nikasema.

— Si neno, mgeni akasema. Ni mimi. Eutimio Cabrejas.

Tulisogea. Hakukaa mwisho kule. Alikaa katikati, kati ya Dawa na mimi, labda kwa sababu ndipo tulipomwachia nafasi. Akaeleza bila haraka, akiitazama kahawa.

Alikuwa kipa wa akiba misimu sita, na hakuwahi kucheza hata dakika moja ya ligi kuu. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, na klabu ilikuwa imeshamwambia kwamba mwezi wa sita aondoke. Jumapili ile mama yake alikuwa amekuja kumwona kwa mara ya kwanza, kutoka kijijini, mabasi mawili. Aliketi nyuma ya benchi la akiba, mkoba mapajani, akitazama kisogo cha mwanawe.

— Wakati wa mapumziko Beñat aliniuliza, mama anaondoka saa ngapi. Nikamwambia basi la mwisho ni saa kumi na mbili na dakika hamsini, na stesheni ni mbali, itabidi atoke mapema. Akaangalia saa ya ukutani. Akasema, basi usivue koti la mazoezi mpaka nikuite, lakini vaa glavu.

— Alijua habari ya dakika sitini? Wastani akauliza.

— Alijua kuliko wewe na daftari lako. Nilimwambia, subiri dakika sita tu. Akasema dakika sita ni nyingi kwa mtu anayewahi basi. Akasema mechi kumi zimebaki, anahitaji moja. Nani angejua habari ya goti?

— Na kwa nini hakusema? Kengele akauliza. Miaka thelathini na moja tumekaa naye hapa. Tumemtukania kocha. Tumemzulia mwanamke.

— Nilitaka niseme mimi, siku zile zile. Akanikataza. Akasema, ukiwaambia watu itakuwa sadaka. Acha iwe mechi.

Eutimio akanywa funda moja.

— Alipoumia nilimwandikia. Akanijibu kwa kadi, kaandika habari za mvua. Nikaandika tena, na tena, kisha nikaona haya, nikaacha. Kila mwaka nilisema msimu ujao nitakwenda. Nimesikia mwezi huu kwamba amefariki. Nimetoka makaburini sasa hivi. Nimekaa pale saa nzima, na mtu niliyetaka kumwambia asante sasa ni jiwe lenye jina.

Dawa akamshika mkono, ule wa vidole vilivyopinda.

— Hiyo barua, mgeni akaniambia. Nimewasikia mkiisoma. Mnaomba aongezewe dakika sita.

— Ndiyo.

— Nilicheza dakika thelathini na sita. Ndizo zote nilizo nazo. Mkimpa yeye sita, zitatoka kwangu, si ndiyo? Kwa maana langoni hukaa mtu mmoja.

Wastani, mtu wa hesabu, akafunga daftari lake.

— Sikatai, Eutimio akasema. Ni zake. Angeniomba baada ya goti ningempa zote, niseme sikuwahi kuingia. Nataka tu mjue mnazichukua wapi. Mama alikaa dakika ishirini, kisha akaenda kuwahi basi. Zile sita za mwanzo ndizo alizonitazama amesimama.

Barua ile ilikuwa na sahihi zetu nne, na stempu tayari. Dawa akaitoa mapajani mwangu, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye mkoba wake. Kengele, ambaye ndiye aliyeing'ang'ania tangu msibani, alimtazama akiufunga. Haikutumwa.

Tulikaa. Ainhoa akaja kuchukua magilasi, akatuona sura zetu, akayaacha.

— Uliugusa mpira mara ngapi? Kengele akauliza mwishowe.

— Mara nne.

— Tueleze wa kwanza. Mimi nilikuwa nyuma ya lile goli. Nilipaswa kuuona.

Eutimio akaweka gilasi chini. Akainuka polepole, goti moja halafu jingine, akasogea hatua mbili mbele yetu kwenye mawe yaliyolowa.

— Ilikuwa krosi, akasema. Kutoka kushoto, ndefu. Na jua lilikuwa machoni mwangu.

Akanyanyua mikono yote miwili, vidole vimetanuka kadiri vilivyoweza, uso umeelekea juu kwenye manyunyu. Akaibakiza hapo, muda mrefu kuliko krosi yoyote inavyohitaji kufika, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia aishushe.