Injini kwa Mdogo, Breki kwa Dada

Sogeeni, wadogo zangu. Mwendo, kaa hapa miguuni pangu, na wewe Cheche acha kuhangaika na huo mto, uko sawa. Daktari jana aliniangalia kwa macho ya fundi anayetafuta namna ya kukwambia ununue gari jingine. Basi nisikilizeni mimi mzee wenu, mzee asiye na mvi hata moja, niliyeacha shule mapema kwa sababu walimu walikuwa wananichelewesha.

Gari la marehemu baba mnalijua lilivyokuwa: limekaa juu ya mawe, kuku wanataga kiti cha nyuma. Baba mdogo alilitaka awe anabebea maharusi, akanicheka mbele za watu: "Hilo bibi kizee, utalikimbiza wapi?" Usione vyaelea, vimeundwa. Nilikwenda kwa muuza skrepa, nikakuta pikapu iliyovunjika mgongo lakini moyo mzima, nikaichukua kwa bei ya bure, nikang'oa injini, giaboksi na breki zake za diski, nikamvalisha bibi kizee. Viti vya nyuma nje, mazulia nje, betri nikaihamishia kwenye buti ili uzito ukalie tairi zinazosukuma. Siku ya kwanza ya mbio kule uwanja wa ndege wa zamani, yule kijana mwenye gari jipya la baba yake alibaki anasoma namba yangu ya nyuma. Na wakati wa kurudi nikapitia dukani kununua mkate, kwa gari hilohilo! Fundi gani mwingine? Msijibu, nimechoka kusifiwa.

Sasa kuna neno limenifikia. Mwendo, umefungua breki za mbele. Usitazame ukutani, nasema na wewe. Eti zina uzito, na kwenye mbio za Jumamosi unataka uchomoke kama risasi. Dada yako Cheche kazikuta diski chini ya benchi, umezifunika gunia, na leo kaniambia. Usimwite mmbeya, nisingeambiwa ningekufa nikijisifu bure. Kupunguza uzito nilikufundisha mimi, ndiyo, lakini nilisema toa kisicho na kazi. Ule uwanja mwisho wake kuna ukuta, mdogo wangu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, zako zitaishia kwenye tofali. Mama kamzika mume, ananizika mimi, unataka na wewe umpe kazi?

Ngoja... nivute pumzi.

Nagawa hivi. Injini na giaboksi ni vyako, Mwendo, maana mkono wako kwenye kabureta unakaribia wangu. Unakaribia, nimesema. Breki zote nne na usukani ni vya Cheche. Usukani ufunguliwe leo, ukae chumbani kwake, usitoke mpaka diski zimerudi mahali pake na bolti kakaza yeye kwa mkono wake. Asiporidhika, hakuna anayekwenda popote, na ukitaka kununa kamnunie ukuta, umeuzoea. Baba mdogo asiuziwe gari hata akigaragara. Lakini siku Cheche akiolewa, mwacheni baba mdogo alifunge maua, siku moja tu. Nimemsamehe, ingawa hajui lolote la magari.

Maji... basi, yatosha.

Cheche, wewe hukuomba kitu. Ndiyo maana nimekupa kinachowarudisha watu nyumbani.

Mama asilale peke yake. Mungu awape mikono isiyotetemeka, na barabara... ndefu kuliko yangu. Mwendo, futa machozi, unalowesha shuka ya mama. Nendeni gereji sasa hivi, wawili, mzirudishe hizo diski. Mkimaliza mlishushe gari kwenye mteremko huu wetu, mje nalo mpaka getini. Mlio wake wa kuondoka naujua, hata usingizini naujua. Mimi nataka... nataka kulisikia likisimama.

Dirisha hilo msilifunge.