Waya Ndani ya Taa

Kwenye basi, Kaluki alikaa nyuma ya mwanafunzi aliyepakata taa za karatasi za tamasha la chuo.

"Leo jioni tutaziachilia bwawani zielee," msichana alimwambia jirani yake kitini, mzee Abdishakur, mchuuzi wa ng'ombe. "Ni karatasi tu, mzee. Itaoza."

"Na hii waya iko ndani, pia itaoza? Mwaka jana ng'ombe yangu ilikula moja imetupwa na maji. Tukiipasua, waya imedunga moyo."

"Pole sana. Lakini tutaokota zote."

"Hata wale wa mwaka jana walisema hivyo, mtoto yangu."

Ng'ombe wa pekee wa Kaluki, mwenye mimba, alikuwa akila nyasi kando ya bwawa hilo. Basi liliposimama, wawili hao wakibishana bado, alishuka mbio kwenda kumhamisha.