Matanga Niliyomnyima Mjukuu Wangu

Ndugu zangu, magoti yangu yamechelewa kusimama, lakini maneno yako tayari. Nawaona hapa kwenye kikundi chetu wazazi mliofiwa mwezi huu, na watoto wenu mmewashika mikono. Ninyi ndio ninaotaka kusema nanyi.

Miaka ile dhahabu ilipowatia watu wazimu huku Nyamongo, mwanangu alikuwa na shamba zuri la mihogo Kerende. Mimi ndiye niliyemcheka. "Wenzako wanaezeka bati, wewe unapalilia mihogo?" Akaenda kuchimba Matongo. Mvua zilipokolea, duara, shimo lao la kuchimbia, likaporomoka yeye akiwa chini. Alitolewa siku ya pili, amekufa.

Aliacha mke na binti wa miaka minane. Mkwe wangu alilia hata sauti ikamkauka, akaacha kuongea, basi nikaamua peke yangu. Kabla ya mazishi nilimpeleka mtoto kwa shangazi yake upande wa Kenya. Tukazika kwenye boma la zamani la ukoo, kule wilaya ya Serengeti, tukanyoa vichwa kama desturi, matanga yakaisha. Mtoto aliporudi nikamwambia, "Baba yako bado yuko duarani. Akipata dhahabu atarudi." Nikakataza mtu yeyote asinipinge.

Nilidhani namkinga mtoto. Nawaambieni, nilijikinga mimi. Niliogopa aniulize ni nani aliyemtuma baba yake kule.

Kila siku alimfunikia baba yake ugali. Mchana mmoja akaubeba mpaka Matongo. Akina mama waponda mawe walimkuta amelala kifudifudi kwenye mdomo wa duara, anamwita baba yake, "Tata! Tata! Toka ule!"

Walimrudisha kwa bodaboda. Mmoja wao, mjane, hakungoja hata kiti.

"Shikamoo, mzee. Leo tumemvuta mguu huyu mtoto. Kesho atavutwa na nani?"

"Ya nyumba yangu hayakuhusu."

"Yananihusu. Mume wangu alifia duara hilo hilo. Watoto wangu wanajua."

Nikamwita mjukuu wangu, nikamwambia baba yake amekufa, na kwamba nilimdanganya. Hakulia. Alinitazama kichwani, akauliza, "Kwa hiyo mlinyoa bila mimi?"

Jumamosi akina mama wale walitusindikiza kaburini, mimi, mtoto na mama yake, tukanyoe upya pamoja naye. Mzee mmoja wa ukoo akafoka, "Matanga yalikwisha zamani! Mnanyoa nini?" Nikainama mbele ya wembe, wa kwanza mimi. Mjane yule akasema, "Mwache anyolewe, nywele zenyewe ziko nne." Mjukuu wangu akacheka. Kisha kicheko kikageuka kilio, akalia mchana kutwa akiwa na kipara chake kipya, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi akina mama hao waliwakusanya watoto waliofiwa. Walipika, walicheza, waliwataja baba zao kwa majina. Mkwe wangu naye akaanza kuongea tena. Ndivyo kikundi hiki kilivyozaliwa, na mama zangu wale, asanteni. Mlimshika mguu mtoto, mkaniinua na mimi.

Yule binti sasa ni mtu mzima. Ndiye mnayemwona pale nyuma, amekaa chini na watoto wenu.

Msiwafiche watoto msiba wao. Waacheni wazike nanyi, wanyolewe nanyi. Na kama kuna anayeshindwa kuutamka, aniite, nitakuja na fimbo yangu tumwambie mtoto pamoja. Ikibidi kunyoa, nitatangulia mimi. Kichwa changu mnakiona wenyewe, hakichukui muda.