Yakub Korane Warfa na Kimya cha Alasiri

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ndugu na majirani mliovuka matope kufika Griftu, tunayemzika leo, tarehe 8 Januari 1998, ni Yakub, mtoto wa pili wa Mzee Korane Warfa na Bi Maryan, aliyezaliwa Eldas tarehe 14 Machi 1968, kambini, siku ya kuhama.

Alisoma shule ya msingi hapa Griftu kuanzia 1975 hadi 1981, sekondari Garissa hadi 1987, kisha chuo kikuu Nairobi, alikohitimu uhandisi wa redio mwaka 1992 na kubaki kufundisha. Alimwoa Bi Ramla mjini Garissa tarehe 20 Agosti 1994, wakajaliwa Idil, miaka miwili, na Hinda, miezi mitano.

Tangu 1996 alitafiti jinsi mawimbi ya simu za mfukoni zitakazokuja yatakavyosafiri katika nchi tambarare kama yetu, na mama yake alipomuuliza huko porini atampigia nani, ngamia, alijibu kwamba atampigia yeye, hooyo, mama yake, ajue mwanawe amelala wapi.

Chombo cha kupokea mawimbi alikiweka kwa Bare, mwenye redio ya taar hapa sokoni, ile ya kuitana kwa sauti kutoka mji hadi mji, na kwa kuwa taar ilivuruga vipimo, walikubaliana Bare aizime kila siku kutoka alasiri hadi magharibi na kuandika vipimo vya chombo daftarini, wakati marehemu yuko mbugani akirusha mawimbi kutoka kwenye gari.

Tarehe 4 mwezi huu kichwa kilimuuma, akadhani ni swaumu, kumbe ni homa hii ya mafuriko iliyomaliza mbuzi wetu, na tarehe 6 alianza kutapika damu, gari likiwa limezama matopeni, dereva wake Rage akaita kwa taar ya gari tangu alasiri, akaita, akaita, asijibiwe mpaka Bare alipofuturu na kuwasha. Alifikishwa hospitali alfajiri, akafariki jana saa nne asubuhi. Daktari hakusema kama saa zile tatu zingemwokoa, na familia haikuuliza.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliosukuma gari, na wenzake wa chuo waliozuiwa na barabara, ambao wameomba daftari la vipimo, nao watapewa. Siku ile Bare ameandika sifuri mstari mzima, akidhani mwenzake hajaanza kazi. Asilaumiwe na mtu, alitunza ahadi, ila mama wa marehemu anamwomba jambo moja, kwamba redio ile isizimwe tena.

Mola akurehemu, Yakub, upumzike kwa amani, hooyo sasa anajua umelala wapi.