Sylveri Birindwa, Aliyerudi Uwanjani kwa Sheria za 1891

Marehemu Sylveri Birindwa, tunayemsindikiza leo Jumamosi, tarehe 12 Novemba 2016, hapa Columbus, alizaliwa Walungu, Kivu ya Kusini, tarehe 14 Aprili 1961, wa kwanza kati ya watoto watano. Wadogo zake tulimwita Yaya, yaani kaka mkubwa, na mimi Caritas, ninayewasomea, ndiye niliyebishana naye zaidi.

Alisoma sekondari Bukavu, 1975 hadi 1981. Huko mwalimu wa michezo aliwaandikisha historia ya mpira wa kikapu: jinsi mwaka 1891, mji wa Springfield, huku huku Amerika, mwalimu mmoja alivyotafuta mchezo wa kuchezea ndani wakati wa baridi, akatundika vikapu viwili vya matunda na kuandika sheria kumi na tatu. Yaya alizikariri zote. Alitusomea mezani hadi ugali ukapoa, na mama akamtishia mwiko.

Alifundisha michezo Bukavu tangu 1983. Tarehe 24 Septemba 1988 alimwoa Josiane, mchezaji wa timu ya wasichana, aliyemwambia waziwazi kwamba anapiga filimbi ovyo.

Mwaka 1996, wakikimbia vita, lori lao lilipinduka likamvunja mguu wa kushoto. Haukupona vizuri, na hakukimbia tena. Kambini Nyarugusu, Tanzania, kisha Louisville, huku Amerika, walikofika 2012 na kufanya kazi ghalani, na hapa Columbus, mtaa wa Linden, tangu 2013, alikuwa mtu wa filimbi tu, yaani mwamuzi. Alitamani kucheza, na alisema hivyo bila aibu.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe! Tarehe 4 Julai 2015 familia zetu za Louisville, Columbus na Buffalo zilikutana kwenye bustani moja ya Reynoldsburg. Mwanawe Gloire akapanga timu. Yaya akaomba nafasi.

“Papa, utaanguka. Wewe uandike tu pointi,” Gloire akamwambia.

“Bon, leo tunacheza ya 1891,” Yaya akajibu. “Donc, hakuna mutu wa kukimbia na mpira, hakuna kudundisha. Ukishika, unasimama, unatupa. Sasa mutanikataza sababu ya nini?”

Sababu haikuwepo! Tukawa tisa kila upande, Yaya akiwa timu ya Gloire, kama siku ile ya kwanza kabisa ya 1891, tukitumia mpira wa miguu na vikapu vya nguo vyenye vitako, vimefungwa juu ya nguzo. Mpira ukitoka nje, ni wa atakayeugusa kwanza. Jamani, vijana waliufukuza hadi kwenye meza ya vinywaji, wakaiangusha! Dakika ya mwisho Yaya akaushika, akasimama, akatupa. Ukapita juu ya kichwa changu, mimi mlinzi wa timu pinzani, ukatua kikapuni na kubaki humo. Moja kwa bila! Gloire akambeba mgongoni kuzunguka uwanja, na mimi niliyefungwa nikapiga vigelegele kuliko wote.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2016. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, akiwafundisha wauguzi zile sheria. Alifariki hospitalini Ijumaa, tarehe 4 Novemba, saa nne asubuhi, Josiane akiwa amemshika mkono. Tumeumia sana.

Siku mbili kabla, Gloire alimwuliza anataka nini.

“Nafasi yangu kwa timu,” akasema, “musiipatie mutu.”

Ameacha mjane, Josiane, watoto Gloire, Aganze na Goreth, wajukuu wanne, na wadogo zake wanne, nikiwemo mimi wa North Buffalo. Julai ijayo tutacheza tena, na Gloire ameshaamua: timu yake itaingia uwanjani na watu wanane.

Mungu akupe pumziko la amani, Yaya.